Mtindi nyota nne, bango lake la minyoo sifuri

Kwanza mtindi wenyewe, maana ndio bidhaa. Ni mzito, ukiinamisha glasi unasita kabla ya kushuka, na uchachu wake unafika polepole nyuma ya ulimi bila kukukunja uso. Ni maziwa ya ng'ombe kweli, si ya unga. Tazama utando wa mafuta unaoganda shingoni mwa chupa ikilala kwenye friji. Glasi ni shilingi 1,000, nusu lita 2,000, na ukienda na chombo chako wanakupunguzia kidogo. Kibanda kipo Tanga mjini, kina meza mbili, benchi la ukutani na feni inayofanya kazi umeme ukiwepo. Kwa joto letu hili la mchana, glasi moja na chapati ya moto ni mlo tosha. Kwa mtindi peke yake nawapa nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu ya glasi, ambazo mara nyingine zinanuka sabuni ya unga.

Tatizo liko ukutani. Juu ya friji wamebandika bango kubwa: BAKTERIA WAZURI HUUA MINYOO, KOZI YA SIKU SABA. Chini yake kuna chupa zenye kifuniko cha kijani, zinaitwa "maalumu", nusu lita ileile kwa shilingi 5,000. Kijana anayeuza ana adabu zake, akanisalimia vizuri, nami nikamuuliza tofauti ni nini.

"Hii ya kijani, mama, ina bakteria wengi zaidi. Wanapigana na minyoo mpaka wanatoka."

"Wanatokaje, mwanangu?"

"Wanakosa makazi."

Nikanunua zote mbili, ya kijani na ya kawaida yenye kifuniko cheupe.

Niseme nilipo ili msidhani naropoka. Kazi yangu ni maabara ya hospitali, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye meza ya kupimia choo, ile ambayo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakipangiwa huanza kuumwa vichwa. Nimetazama mayai mengi ya minyoo kuliko ya kuku. Kwa hiyo mtu akiniambia kinywaji chake kinaua minyoo, ninacho cha kuuliza.

Nilichukua tone la kila chupa, nikalipaka kwenye slaidi, nikalikausha, nikalipitisha juu ya moto na kulipiga rangi ya Gram, ile inayowafanya bakteria waonekane kwenye hadubini. Ya kifuniko cheupe ilionyesha vijiti vya zambarau, virefu kwa vifupi, na vidoa vya mviringo vilivyojipanga mnyororo. Ya kijani ilionyesha hivyohivyo, wala sikuona wingi wowote wa kutisha. Rangi haisemi kama mdudu yu hai au amekufa, basi nikachemsha maziwa, nikayaacha yapoe mpaka vuguvugu, nikayagawa kwenye vikombe viwili na kuweka kijiko cha kila mtindi, nikafunika kwa kitambaa. Asubuhi vyote vilikuwa vimeganda. Bakteria wapo, na wako hai. Hapo bango limesema kweli, na si kila mtindi wa dukani ungefaulu jaribio hilo, kwa kuwa baadhi hupashwa moto baada ya kuganda ili ukae siku nyingi.

Tofauti pekee niliyoiona ni chini ya chupa ya kijani: chembe nyeusi zilizotuama, zenye ukali wa haradali. Mbegu za papai zilizosagwa. Hizo nitazirudia, kwa sababu kuna kichekesho ndani yake.

Swali linalobaki ni hao bakteria wanamfanya nini mnyoo, na jibu linaanza kwa kuuliza mnyoo yupi. Wale tunaowaona sana huku ni watatu. Minyoo wa mviringo, wale warefu wanaowatisha wazazi wakitoka, hukaa utumbo mwembamba wakila chakula kinachopita. Safura nao hukaa utumbo mwembamba, lakini wao hung'ata ukuta na kunyonya damu. Mjeledi hukaa mwanzoni mwa utumbo mpana, sehemu yake ya mbele iliyo nyembamba mithili ya uzi ikiwa imezama ndani ya ngozi laini ya utumbo. Watatu hao wanakula tofauti, wanakaa tofauti, na majirani zao wa bakteria si walewale. Bango linalosema "minyoo" kwa jumla limeshakosea kabla halijafika kwenye bakteria.

Huyo mjeledi ndiye mwenye habari. Yai lake ukiliona kwenye hadubini mara moja huwezi kulisahau: pipa dogo la kahawia lenye kizibo cheupe kila upande. Tunalimeza na mchicha usiooshwa vizuri, au mtoto analilamba kwenye kucha zake baada ya kucheza na udongo. Lakini yai linajuaje kwamba limefika ndani ya mtu na sasa lianguliwe? Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walichapisha katika jarida la Science jibu walilolipata kwa mjeledi wa panya. Joto la mwili peke yake halikutosha. Kilichohitajika ni bakteria. E. coli, mkazi wa kawaida kabisa wa utumbo, hujikusanya kwenye kile kizibo, hujishikiza kwa vinyweleo vyake vidogo, na kiluwiluwi aliye ndani hutoka. Bakteria wakichujwa, mayai hubaki kama yalivyo. Panya waliopunguziwa bakteria kwa antibayotiki walipata minyoo wachache kuliko wenzao.

Yaani bakteria ndio waliomkaribisha mnyoo. Mwaka 2018 ikaongezwa sura nyingine kutoka hukohuko Manchester: kiluwiluwi huchukua bakteria wa mwenyeji wake, huwabeba ndani ya utumbo wake mwenyewe, na anawahitaji ili aendelee vizuri. Akishakomaa, uwepo wake hubadilisha mchanganyiko wa bakteria utumboni kiasi kwamba mayai yatakayomezwa baadaye hayaanguliwi kwa wingi uleule. Ameingia kwa mlango uliofunguliwa na bakteria, kisha anaubana wasije wengi wa kumsumbua. Mimi niliposoma hilo nilimwonea mjeledi heshima ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa miaka yote ya kuhesabu mayai yake.

Mwenye kibanda angeweza kunijibu kwamba E. coli si bakteria wa mtindi, wa mtindi ni laktobasili na jamaa zake. Sawa. Basi twende Edinburgh. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha pale walichapisha matokeo ya panya waliolishwa aina moja ya laktobasili kisha wakaambukizwa mnyoo wa utumbo mwembamba. Walioupata huo msaada wa bakteria walikuwa na minyoo wengi zaidi, si wachache. Na minyoo nao, kwa panya walio dhaifu kwao, huongeza laktobasili. Wanabebana. Laktobasili wa namna fulani hutuliza askari wa mwili, jambo ambalo mtu mwenye utumbo unaowaka hulitaka. Mnyoo naye analitaka hilohilo, kwa sababu askari wakitulia yeye anakaa kwa raha.

Yapo matokeo ya upande wa pili, na sitayaficha. Panya walioambukizwa aina moja ya minyoo wa jamii ya strongiloide na kupewa bifidobakteria walikuwa na minyoo pungufu. Pungufu, hawakuisha. Huko Ajentina bakteria mwingine wa asidi ya maziwa amepunguza viluwiluwi vya minyoo ya mbwa ndani ya panya. Ukiweka haya yote mezani unaona kwamba aina moja ya bakteria inamsaidia mnyoo huyu, nyingine inamkera yule, na karibu yote yamepimwa kwa panya. Hakuna njia ya kutoka hapo hadi "kozi ya siku saba" bila kuruka ukuta.

Kuna bakteria mmoja ambaye kweli ana silaha ya kuua minyoo, na si wa mtindi. Ni yule wa udongoni ambaye wakulima wa nchi nyingi hunyunyizia dawa iliyotengenezwa kwake kuua viwavi. Moja ya protini zake, iitwayo Cry5B, hutoboa utumbo wa mnyoo mwenyewe, na imefanya kazi kwa safura wa buku wadogo wa maabara na kwa minyoo wa mviringo wa nguruwe. Watafiti wa Marekani wanaifuatilia iwe dawa ya watu. Siku ikifika dukani nitakuja kuiandikia. Kwenye friji ya kibanda hiki haimo.

Sasa mbegu za papai. Kichekesho ni kwamba kitu chenye angalau ushahidi kidogo kwa binadamu ndani ya chupa ya kijani ndicho ambacho bango halikitaji. Mwaka 2007 yalichapishwa majaribio ya Nigeria kwa watoto 60: nusu walipewa mbegu kavu za papai zilizosagwa na kuchanganywa na asali, nusu asali tupu, na baada ya siku saba choo cha wengi wa kundi la mbegu kilikuwa safi, tofauti na kundi la asali tupu. Ni utafiti mdogo, na watoto wale hawakuwa wagonjwa wa kuonekana. Lakini upo. Muuzaji anawasifu bakteria kwa sababu neno hilo siku hizi linauza. Mbegu za papai kila mtu anazo jalalani kwake.

Hesabu ya pesa nayo ina utata wake. Bango linataka nusu lita kila siku kwa siku saba, ambayo ni shilingi 35,000. Kidonge cha dawa ya minyoo, albendazoli ya miligramu 400, dozi nzima ya mtu mzima na ya mtoto aliyetimiza miaka miwili, duka la dawa muhimu la jirani wananiuzia chini ya shilingi elfu moja. Shuleni mtoto anamezeshwa bure siku ya kingatiba.

Na hapo ndipo niliacha kucheka. Mama mmoja aliyeketi benchi moja nami alikuwa amemchukulia mwanawe chupa ya kijani. Tukapiga soga. Mtoto yuko darasa la pili, na siku ya kingatiba alibakizwa nyumbani. "Dawa zile za bure zinawachafua tumbo," akasema, "huu angalau ni chakula." Sikutaka kumuumbua mbele za watu. Nikamwambia, dada, mpe mtindi, ni mzuri, na dawa umpe pia, vyote viwili havigombani. Akaniuliza kama nafanya kazi duka la dawa.

Nisiipake dawa rangi isiyo yake. Albendazoli inamtoa mnyoo wa mviringo vizuri sana, safura vizuri, lakini mjeledi huiponyoka. Kidonge kimoja kinawaacha wengi na mayai yao kwenye choo, na hilo limeonekana tena na tena Pemba, ambako watoto wamemezeshwa dawa kwa miaka mingi na mjeledi bado yupo. Ukichanganya na ivermektini, dawa nyingine ya minyoo, matokeo ya Pemba yanakuwa bora zaidi. Kidonge kimoja chenye dawa zote mbili kimejaribiwa kwa watoto wa Kenya, Ethiopia na Msumbiji, na Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikipitisha kwa maoni chanya.

Hukohuko Pemba, kwenye maabara ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, zimechukuliwa sampuli za choo zilizoingia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 pamoja na za Kodivaa na Laos. Walitazama bakteria waliokuwamo utumboni kabla ya mgonjwa kumeza albendazoli na ivermektini. Wakakuta kwamba aina ya mchanganyiko wa bakteria inaendana na kupona au kutopona. Haijathibitika kwamba bakteria ndio wanaoibeba au kuiharibu dawa. Inaonyesha kwamba mambo haya mawili yanatembea pamoja. Kwangu mimi huu ndio utafiti wa kusubiri, kwa sababu unauliza swali la maana: ni nani dawa itamshinda, na tunaweza kumjua kabla? Si swali la mtindi hata kidogo, ila mtu wa mauzo akilisikia atalifanya la mtindi, ninyi mtaona.

Wa Malaysia niwataje kwa kupita. Miongoni mwa Orang Asli, watu wa asili wa kule, walipomezeshwa dawa ya minyoo bakteria wao wa utumboni walibadilika, na kwa panya mjeledi alikuwa akichochea ute wa utumbo na kulibana kundi fulani la bakteria wenye madhara. Kuna watu wamelidaka hilo wakaanza kuandika kwamba minyoo ni rafiki. Waje wakae na mtoto mwenye safura, wamtazame kiganja kilivyopauka, ndipo tuendelee na mazungumzo.

Na juu ya mtoto huyo wa safura, mzazi ajue maziwa hayana chuma cha kutosha kurudisha damu, yawe mabichi, yamechemshwa au yameganda. Anataka dawa, kisha dagaa, maini, maharage na mboga za majani. Mtindi unampa protini na kalisi, na tumbo linalosumbuliwa na maziwa ya kawaida mara nyingi huupokea mtindi bila kelele, maana bakteria wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa. Hiyo ni sifa ya kweli na inatosha kuandikwa ukutani. Mwanza kinamama walianza mwaka 2004, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, kutengeneza mtindi wa bakteria maalumu uitwao Fiti, wakauuza kama lishe na kipato. Inawezekana.

Nilimwambia hayo mwenye kibanda, mtu mzima mwenzangu, kwa upole na kando, kijana wake akiwa anahudumia wateja. Nikamkumbusha pia kwamba chakula kinasimamiwa na TBS na dawa na TMDA, na akiandika "huua minyoo" ameshavuka uzio kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Alinisikiliza. Akasema bango aliletewa na mtu aliyemuuzia mbegu ya mtindi, na kwamba limemgharimu pesa, basi atalitoa likichakaa. Nikamwambia alikate tu katikati, abakize BAKTERIA WAZURI. Akacheka, hakukataa, hakukubali.

Kitu kinachozuia minyoo pale kibandani kipo, na hakina bango: ni ndoo ya maji yenye koki karibu na mlango. Maji yanatoka vizuri. Sabuni nilipoenda haikuwepo, ila kipande kilicholowa chini ya ndoo kilionyesha huwa inawekwa. Wakiweka sabuni muda wote nitawarudishia ile nyota ya tano, hata glasi nitazisamehe.

Ukienda, agiza wa kifuniko cheupe, na useme mapema "usiwe na sukari", la sivyo kijana anamimina vijiko viwili kabla hujafungua mdomo. Ijumaa baada ya swala unakwisha haraka. Ya kijani iache kwenye friji. Na kama tumbo la mtoto linakutia shaka, pita kituo cha afya na kikopo cha choo asubuhi.